Mifarishi ya Gee's Bend: Ushonaji wa Kubuni na Faida ya Kutazama Kazi ya Jirani

Mfarishi ni kitu kisichotazamwa sana. Hukunjwa asubuhi, hutandikwa jioni, na ukichakaa hutiwa kiraka au hugeuzwa kuwa tandiko la mtoto. Si ajabu basi kwamba kwa miaka mingi wanawake wa kijiji kimoja katika Jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, walishona mifarishi ya namna yao wenyewe bila mtu wa nje kudhani kuwa ni kazi ya maana. Kijiji hicho huitwa Gee's Bend, ingawa jina lake rasmi ni Boykin, nacho kimo ndani ya pindo la Mto Alabama, kimezungukwa na maji pande tatu. Mwaka 1966 wanawake wa wilaya hiyo waliunda chama cha ushirika ili kuuza mifarishi yao, na chama hicho kikadumu hadi mwaka 2012. Maelezo yafuatayo yanahusu namna yao ya kushona, jinsi walivyojifunza kwa kutazama kazi za wenzao pasipo kuzinakili, na mgongano uliotokea pale ubunifu wa nyumbani ulipokutana na matakwa ya mnunuzi wa mbali. Makatibu wa vyama vya washonaji, wasusi na wachongaji watakuta humo mambo wasiyohitaji kufafanuliwa mara mbili.

Yafaa kwanza ieleweke kazi yenyewe. Mfarishi huwa na tabaka tatu: uso, ambao hushonwa kwa vipande vingi vya nguo, pamba ya katikati, na bitana ya chini. Tabaka hizo hupigwa bandi ili zisihame, kisha hushonwa pamoja kwa mishono midogo inayopenya zote tatu. Mishono hiyo si pambo tu. Ikiachana mno, pamba huhama ikafanya madonge pembeni, na baada ya kufuliwa mara chache mfarishi hubaki mtupu katikati.

Uso waweza kushonwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kielelezo: fundi hupata mchoro, hukata vipande vyote kwa kipimo kimoja kabla ya kutia uzi sindanoni, kisha huviunga kama vilivyopangwa. Njia ya pili ni ya kubuni papo hapo. Fundi huanza na kipande kimoja alicho nacho, hukitazama, huunga cha pili, hutazama tena, na kila kipande kilichokwisha kuungwa ndicho kinachoamua kipi kitafuata. Hana picha ya mwisho kichwani, au kama anayo huwa tayari kuiacha. Wako watu wadhanio kwamba njia hii ni ya mtu asiyejua kupima. Hilo si kweli, kwa sababu aliyekosea kielelezo aweza kurudia kipimo, ilhali mwenye kubuni hana pa kurudia. Hapana budi jicho lake liwe limefundishwa vema.

Wanawake wa Gee's Bend walijifunza njia hii kwa dhiki. Shamba la pamba lilianzishwa hapo mwaka 1816 na Joseph Gee, likafanyishwa kazi na watumwa, na mwaka 1845 likapita mikononi mwa Mark Pettway, ambaye jina lake lingali jina la ukoo wa familia nyingi za kijiji. Hapa pana jambo dogo linalogusa pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865, pamba ya mashamba ya kusini ilisokotwa na kufumwa katika viwanda vya Massachusetts, na sehemu ya kitambaa chake ikapakiwa merikebuni kuletwa Unguja, ambako kiliitwa merikani, jina ambalo halijafutika katika Kiswahili. Aliyepima merikani kwa mikono katika soko la Unguja na aliyechuma pamba kule kusini kwa kulazimishwa walikuwa katika biashara moja, wala hapana aliyemjua mwenziwe.

Baada ya utumwa kuondolewa, familia zile zilibaki hapo hapo zikilima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi na kukopa chakula na mbegu kwa mfanyabiashara. Mwaka 1932 mfanyabiashara mmoja aliyewakopesha alifariki, na mjane wake akadai madeni yote yalipwe. Watu wake wakaingia kijijini wakachukua wanyama, majembe, mikokoteni, nafaka na hata viazi vilivyofukiwa kwa akiba. Wanakijiji waliponea chupuchupu kwa chakula cha Msalaba Mwekundu. Baadaye, mwaka 1937, serikali ya Marekani ilinunua shamba lile, ikajenga nyumba, shule, zahanati, mashine ya kuchambulia pamba na duka la ushirika, na katika miaka ya 1940 familia zikaweza kununua mashamba yao kwa mikopo ya riba ndogo. Makatibu na waliangalie jambo hili, maana litaonekana tena: watu wa Gee's Bend walikuwa na ardhi yao, na majirani zao wengi hawakuwa nayo.

Katika umaskini huo hapakuwa na nguo ya kununua kwa ajili ya mifarishi. Palikuwa na suruali za kazi zilizochanika magotini, magauni yaliyopauka, magunia ya unga na ya mbolea, vitambaa vya magodoro makuukuu, na pamba iliyookotwa chini baada ya mavuno, ikapigwa kwa fimbo hadi ikawa laini. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, na wakati wa baridi watoto walilala chini ya mifarishi kadhaa iliyorundikwa. Uhaba huo ndio uliofundisha mikono. Mwenye suruali nne hawezi kuchagua mchoro wa nyota. Hukata mguu wa suruali kwa urefu wake, akabaki na kipande kirefu chembamba, na umbo la kipande hicho ndilo linalokuwa umbo la mfarishi. Mfuko ukibanduliwa huacha alama ya buluu iliyokoza katikati ya buluu iliyofifia kwa jua. Fundi mvivu angeificha alama hiyo. Mafundi wa Gee's Bend waliiweka mahali inapoonekana, kwa kuwa hapana duka liuzalo rangi mbili kama zile katika kitambaa kimoja.

Mfarishi mmoja wa nguo za kazi hauna budi kutajwa. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mume wake, alizikusanya nguo alizokuwa akilimia marehemu, akazishona mfarishi ili ajifunike nao na kumkumbuka. Binti yake Arlonzia, aliyekuwa bado kijana, alimsaidia, naye akaja kuwa mshonaji mashuhuri. Mfarishi huo una mapande marefu ya buluu, kijivu na nyeupe iliyochakaa, na wekundu kidogo tu. Kwa sasa umo katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington. Haukushonwa kwa ajili ya jumba lolote.

PAA LA NYUMBA

Kati ya namna zilizopendwa zaidi kijijini ni ile waliyoiita Paa la Nyumba. Fundi huanza na kipande cha mraba katikati. Upande mmoja huunga ukanda wenye urefu ulio sawa na ukingo wa mraba; kisha huzungusha kazi na kuunga ukanda wa pili, ambao sasa huwa mrefu kidogo kwa kuwa lazima ufunike na unene wa ule wa kwanza; kisha wa tatu na wa nne. Mzunguko ukitimia, mraba umekua, na kazi yaweza kuendelea hadi ifikie ukubwa wa kitanda. Mtu akitazama kwa juu huona kana kwamba anatazama paa la nyumba, au mraba unaoingia ndani ya mraba mwingine bila kukoma.

Kanuni ni hiyo tu, na mtoto wa miaka kumi huielewa. Lakini hapo ndipo uhuru unapoanzia. Ukanda waweza kuwa mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili, na mraba wa katikati ukasogea taratibu kuelekea pembeni. Kitambaa chekundu chaweza kwisha katikati ya ukanda, fundi akamalizia kwa cha kahawia, na mahali pale palipokatika pakawa ndipo jicho linapotua. Wengine walishona mfarishi mzima kwa Paa moja kubwa. Wengine walishona manne madogo wakayaunganisha, kila moja likielekea upande wake. Namna nyingine zilizojulikana kijijini ni Mjenzi wa Matofali, ambayo hupanda ngazi kwa ngazi kuelekea katikati, na Msichana Mvivu, ambayo ni kanda ndefu tu zilizounganishwa mbavu kwa mbavu. Jina hilo la pili ni la utani, kwa maana kupanga kanda kumi ndefu zikapendeza si kazi ya mvivu.

Kwa wanaotaka kujaribu, yako mambo machache ya ufundi yasiyosamehe. Nguo mpya zifuliwe kwanza, kwa sababu kipande kimoja kikiruka maji na cha jirani kisiruke, uso wote hukunjamana baada ya kufuliwa. Nguo nzito isiungwe na nyepesi sana, maana ile nzito huichana nyepesi. Vipande vitengwe kwa mwanga na kiza kabla ya kutengwa kwa rangi: nyekundu na kijani zenye kiza sawa, zikitazamwa kwa mbali, huwa kitu kimoja, na kazi yote hupotea. Kila mshono upigwe pasi kabla ya kuunga ukanda unaofuata. Ukanda ukishonwa kwa kulegea, kingo hufanya mawimbi; ukivutwa mno, katikati huinuka kama bakuli lililofunikwa. Kosa hilo haliwezi kurekebishwa kwa pasi wala kwa maji. Dawa yake ni kulaza kazi sakafuni baada ya kila mzunguko na kuitazama ukiwa umesimama.

KUTAZAMA BILA KUNAKILI

Uso wa mfarishi ulishonwa na mwanamke peke yake, nyumbani kwake, mara nyingi usiku baada ya kazi ya shamba. Kushindilia tabaka tatu pamoja kulifanywa na wengi waliokizunguka kiunzi cha mbao, wakizungumza na kuimba. Lakini palikuwa na jambo la tatu, ambalo pengine lilifundisha zaidi ya yote mawili. Majira ya baridi yakiisha, mifarishi ilitolewa nje kuanikwa, kwenye kamba na kwenye nyua, na kijiji kizima kikawa kama maonyesho. Wanawake walitembea wakitazama. Walisimama mbele ya kamba ya jirani, wakasifu, wakauliza, wakaenda zao.

Aliyetazama hakubeba kipimo wala mchoro. Alichobeba ni kumbukumbu, nayo kumbukumbu ni mfuko wenye matundu. Njiani alisahau idadi ya kanda, akasahau rangi ya pembe ya juu, lakini hakusahau kile kilichomshitua: labda ukanda mmoja wa manjano uliokatiza mfarishi wote wa buluu, au jinsi jirani alivyougeuza mstari mahali ambapo kila mtu angeunyoosha. Alipoketi na nguo zake mwenyewe, ambazo hazikuwa nguo za jirani, wazo lile lililazimika kugeuka. Huenda hakuwa na manjano. Alikuwa na gauni jekundu la binti yake. Ukanda ukawa mwekundu, nao mwekundu ukadai ukubwa mwingine. Ndiyo sababu mifarishi ya kijiji kile hufanana kama watoto wa ukoo mmoja, na hata hivyo hapana miwili iliyo pacha. Walikuwa hata na neno la mfarishi usiofuata namna yoyote inayojulikana: wa Njia Yangu.

Mary Lee Bendolph, mmoja wa washonaji waliokuja kujulikana sana, alikuwa na desturi ya kupata mawazo kwa kutazama vitu vya kila siku, kama vile ukuta wa banda au jinsi vitu vilivyopangwa mahali. Hili nalo ni la kuangaliwa. Mwenzi wa kutazamwa si fundi peke yake. Aliyepanga mbao za banda naye alitatua tatizo la kuunga vipande visivyolingana.

Vyama vingi vya ufundi vina hofu ya wizi wa mitindo, na hofu hiyo ina sababu. Mwanachama hubuni kikapu chenye mstari mpya, na baada ya wiki mbili vikapu ishirini vya namna ile viko sokoni, vingine vimesukwa vibaya. Desturi ya kamba ya kuanikia haiondoi hofu hiyo yote, lakini huonyesha tofauti baina ya anayechukua kipimo na anayechukua wazo. Chama kinachotaka kuijaribu hakihitaji gharama. Katika siku ya mkutano wa kazi, kila mwanachama atundike kitu kimoja alichomaliza. Watu watazame kwa ukimya muda wa robo saa, bila kugusa tepe ya kupimia. Kisha kila mmoja aseme jambo moja tu aliloliona katika kazi ya mwenziwe ambalo yeye hakuwahi kulifikiri. Vitu viteremshwe. Mkutano ujao utaonyesha ni nani alichukua nini, na aghalabu mwenye wazo la kwanza hulitambua kwa furaha, kwa kuwa limerudi likiwa na sura nyingine.

CHAMA NA MNUNUZI

Mwaka 1965 watu weusi wa wilaya ile walikuwa wakidai haki ya kupiga kura. Kivuko cha kuelekea Camden, makao makuu ya wilaya, kilikuwa kimesitishwa mwaka 1962, hata safari ya dakika chache juu ya maji ikawa safari ya zaidi ya kilomita 60 kwa barabara. Dkt. Martin Luther King alifika Gee's Bend mwezi Februari 1965. Waliojiandikisha walifukuzwa kazini, na wale waliokuwa wapangaji katika mashamba ya wengine walifukuzwa majumbani. Waliokuwa na ardhi hawakuweza kufukuzwa kwa urahisi namna hiyo.

Mwezi Desemba mwaka huo kasisi mmoja, Francis Walter, alikuwa akizunguka kukusanya habari za waliofukuzwa. Njiani aliona mifarishi mitatu juu ya kamba mbele ya nyumba. Mwenye nyumba, alipomwona mzungu asiyemjua anakaribia, alikimbilia msituni. Kasisi alirudi siku nyingine pamoja na mtu aliyefahamika, na kazi ya kununua ikaanza, kila mfarishi kwa dola 10, bei iliyozidi ile ambayo wanawake walizoea kupata. Mwaka 1966 mifarishi hiyo ilipigwa mnada mjini New York. Tarehe 26 Machi 1966 washonaji zaidi ya 60 walikutana wakaunda chama chao, wakakiita Freedom Quilting Bee, maana yake kusanyiko la washona mifarishi la uhuru. Estelle Witherspoon alichaguliwa kukiongoza, naye aliongoza kwa zaidi ya miaka ishirini. Chama kilijiunga na shirikisho la vyama vya ushirika vya kusini lililoundwa mwaka 1967, kikanunua ardhi, na mwaka 1969 kikajenga jengo lake la kazi, lililopewa jina la Martin Luther King. Baadhi ya viwanja vya ardhi ile viliuzwa kwa familia zilizofukuzwa majumbani mwao kwa sababu ya kura. Kwa chama cha washonaji hilo lilikuwa tendo kubwa kuliko mfarishi wowote.

Baada ya mnada wa kwanza, maduka makubwa ya New York yalianza kuagiza. Hapo ndipo ugumu ulipoingia. Duka haliagizi mfarishi mmoja. Huagiza mia, na mteja aliyeona mmoja dirishani hutaka aletewe ule ule. Washonaji walioleta kila mmoja Njia Yake iliwabidi wafuate vielelezo vichache vilivyochaguliwa, kama ule uitwao Nyayo za Dubu, kwa vipimo vilivyowekwa, kwa nguo mpya zilizonunuliwa, na mishono ya ukubwa mmoja. Kazi ilikaguliwa, na isiyofaa ilifumuliwa. Mtu asiharakishe kulaumu. Oda zile zilileta mshahara katika wilaya ambamo mwanamke mweusi alikuwa na kazi ya kuchuma pamba au ya kutumika jikoni kwa mtu, na kwa wakati fulani chama kilikuwa na washonaji wapatao 150. Mshahara wa kila juma una heshima yake. Hata hivyo ni dhahiri kwamba kile kilichomsimamisha kasisi barabarani si kile kilichopakiwa katika masanduku ya kwenda New York.

Lingewezekana jingine? Chama chenye wanachama 150 kingeweza kuwa na madaftari mawili: moja la oda, lenye vipimo na ukaguzi, na jingine la kazi ya kubuni, ambamo kila kitu huandikwa kwa jina la fundi, tarehe aliyoimaliza, na bei yake peke yake. Kazi ya daftari la pili ingeuzwa polepole, na kamati isingeweza kulipa mishahara kwa fedha inayokuja mara moja kwa mwaka. Mhasibu yeyote angepinga, naye angekuwa na haki nusu.

Ubunifu haukufa, ulirudi nyumbani. Mwaka 1972 chama kilipata mkataba na kampuni ya Sears wa kushona foronya za mito ya sebuleni kwa kitambaa cha koduroi, kile kizito chenye mistari iliyoinuka. Kilikuja katika rangi za wakati ule: dhahabu, kijani cha parachichi, kahawia, nyekundu ya cheri. Makapi yalikuwa mengi, na wanawake wakayachukua nyumbani, wakagawiana na ndugu na majirani. Koduroi haikubali kukatwa vipande vidogo, kwa sababu huchanika kingo na mishono yake hunenepa. Kwa hiyo ililazimisha mapande makubwa na mistari iliyonyooka, na mistari ya kitambaa chenyewe, ikigeuzwa huku wima na huku kulala, ilifanya rangi moja ionekane kuwa mbili. Kutokana na makapi ya kazi iliyokuwa ya kurudia-rudia kuliko zote, kijiji kikapata baadhi ya mifarishi yake iliyo bora kabisa. Lucy Mingo, aliyekuwa mwanachama, alishona kwa vielelezo na kwa kubuni vile vile, na hakuonekana kuona uadui baina ya hayo mawili.

Mwaka 2002 jumba la sanaa la Houston lilifungua maonyesho ya mifarishi ya Gee's Bend, ambayo ilikusanywa kijijini na William Arnett wa Atlanta, na mwaka huo huo maonyesho yakahamia jumba la Whitney mjini New York. Watu walipanga foleni kutazama suruali za kazi zilizochakaa. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye picha za mifarishi ile. Washonaji wa vyama vya mifarishi ya kisasa katika miji mbalimbali, ambao tayari walikuwa wakifundishana kuacha rula, wakaitazama kama wanawake wa kijiji walivyotazamana kambani. Mwaka 2015 Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway walipewa tuzo ya taifa ya urithi wa ufundi.

Lakini picha za mifarishi zilikuwa zimekwisha kuwekwa katika mazulia, vikombe na vitabu, na swali la nani ana haki juu ya umbo lililobuniwa usiku jikoni likafika mahakamani mwaka 2007. Mashitaka hayo yalimalizwa kwa mapatano mwaka 2008. Swali lenyewe laweza kufika katika chama chochote. Fundi akiuza kitu, ameuza kitu kile kimoja. Haki ya kuchapa picha yake juu ya vitu elfu ni jambo jingine, lenye bei nyingine, na halina budi kuandikwa katika hati ya mauzo kabla mnunuzi hajaondoka. Katibu asiye na daftari linaloonyesha nani alishona nini na lini atakuwa na la kusema, lakini hatakuwa na la kuonyesha.

Freedom Quilting Bee ilipungua nguvu kadiri wanachama wa kwanza walivyozeeka na oda za maduka zilivyopungua, ikafungwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, mwaka 2003, washonaji wa kijiji walikuwa wameunda kundi jingine la kuuza kazi zao wenyewe, kila mfarishi kwa jina la aliyeushona. Kivuko kilirudishwa mwaka 2006, baada ya miaka 44. Tangu mwaka 2022 kijiji kimekuwa na siku ya sherehe mwezi Oktoba, ambapo mifarishi hutolewa nje na kutundikwa kambani kama zamani, na watu hupita wakitazama.